Weupe wa Chini ya Kikombe

Jumatatu, tarehe 25 Agosti

Daftari mpya. Ile ya zamani Nshobole, mke wangu, aliisoma yote na kunisahihishia makosa kwa bik nyekundu. Hii nitaificha ndani ya sanduku la kravati, tai zangu za kazini. Hakuna mutu anafika pale tangu ofisi yetu ifungwe Januari, isipokuwa mimi. Kila asubuhi ninavaa kravati moja, ninaketi sebuleni, ninangoja kuitwa kazini. Siitwi. Jioni ninaivua. Kazi ya kuchosha kuliko ile ya zamani!

Leo nimeburutwa mpaka kituo cha afya. Mama Wivine, muuguzi, alinifunga ule mkanda mkononi, akapuliza, akatazama, akapuliza tena. Kumi na nane kwa kumi na moja! Akauliza kama ninakunywa vidonge vyangu vya tension, yaani presha, kila siku. Nikasema kila siku, bila kukosa. Akamgeukia Nshobole. Nshobole akatazama dari.

Ukweli, daftari, nitakuambia wewe tu. Sinywi. Kidonge kila asubuhi mpaka kaburini! Mimi si kuku wa kudonoa. Ninakiweka chini ya ulimi, ninatoka uani kana kwamba ninanyoosha mgongo, ninakisukuma ndani ya tundu la ukuta wetu wa mawe ya volkano. Ukuta umeshiba dawa. Ukuta huo hauna tension hata kidogo.

Halafu ikaja hukumu. Jumamosi ya tarehe 13 familia ya Lionel inakuja kumposa binti yetu Ange. Wivine alisema Ijumaa ya tarehe 12 atanipima tena. Ikizidi kumi na tano, siku ya posa nitalala kitandani, mlango umefungwa, maana mwaka jana kwenye karamu ya kaka yake Ange niligombana na watu kuhusu mbuzi mmoja, nikaanguka uso ndani ya sahani ya wali. Hilo halitasahauliwa Goma nzima.

Nikauliza nani atakaa kwenye kiti cha baba. Nshobole hakufikiri hata kidogo. Papa Sikuli, jirani! Eti familia ya Lionel ni watu wa Butembo, na Sikuli ni wa huko, anasikia Kinande, hawatamdanganya.

Sikuli! Ana miaka sitini na nne na anakwenda misa ya asubuhi kwa miguu, anarudi anapiga mluzi. Mutu wa namna hiyo anachosha roho.

Na si kiti tu. Siku hiyo binti anamletea baba yake glasi mbele ya wageni. Baba akinywa, neno limepita. Asipokunywa, wageni wanabeba kreti zao za vinywaji na kurudi nazo. Nilimbeba Ange mgongoni siku volkano iliposhuka, alikuwa na mwaka mmoja, alinikojolea mpaka Sake. Leo glasi yake ainywe Sikuli? Kamwe!

Jumanne, tarehe 26 Agosti

Nimepata!

Imetoka kwenye simu, kwenye kikundi chetu cha wanafunzi wa zamani. Ujumbe mrefu, wenye maua. Chai nyeupe! Inalinda moyo. Inasafisha mishipa. Inaimarisha meno, inapunguza tumbo, inakawiza uzee. Na tension inashuka yenyewe, bila kidonge. Nimeusoma mara tatu. Yani watu wanajua haya na wananiacha nikiteseka.

Nilivaa kravati ya buluu, nikaenda kwa Mama Philomène, ambaye ana kibanda cha chai hapa Murara, kando ya barabara. Nikaomba chai nyeupe. Akanishangaa, akasema kumbe, siku hizi muzee anajipenda. Akaleta kikombe cha maziwa yenye chai kidogo na vijiko vinne vya sukari. Nikanywa kwa heshima.

Nikasema hapana mama, nyeupe kweli kweli. Akaongeza maziwa.

Nikasema bila maziwa. Alisimama akiwaza, mkono kiunoni. Watu wa mabenchi wakaanza kumsaidia kuwaza. Mwisho akaleta maji ya moto yenye sukari. Akasema hiyo ndiyo nyeupe kupita zote, hata chini ya kikombe unapaona. Mabenchi yakakubali.

Nimerudi nyumbani tumbo limejaa, moyo hauna nafuu. Kidonge: ukutani.

Ijumaa, tarehe 29 Agosti

Shemeji yangu Rosine anapitisha bidhaa Bunagana, mpakani. Nilimpigia simu tangu Jumanne jioni, nikamwomba anitafutie chai nyeupe kutoka Uganda. Nilimwambia ni siri, ni mambo ya maisha na kifo. Alilia kidogo, akaahidi.

Leo imefika! Imepita mpaka, imepita forodha, imelala Rutshuru, imekuja juu ya lori la viazi. Nilifunga mlango wa chumba. Nikaifungua.

Chai nyeusi. Nyeusi ya makaa.

Nilimpigia. Rosine akaapa kwa Bikira Maria kwamba alizunguka soko zima mpaka akaipata nyeupe, na nyingine zote zilikuwa za kijani na za njano. Nikatazama tena. Boksi ni jeupe. Sikuwa na nguvu ya kumgombeza.

Jumamosi, tarehe 30 Agosti

Aibu ya leo naiandika haraka.

Nilikuwa uani na kidonge changu. Nimekwisha kukisukuma tunduni nikasikia kikohozi upande wa pili. Kichwa cha Sikuli kikatokea juu ya ukuta, na kofia yake ya sufu. Akanisalimu vizuri, akauliza habari za usingizi. Halafu akasema amesikia kwamba Papa Cirimwami, yaani mimi, anatafuta chai nyeupe. Kasikia wapi? Murara nzima inajua, akasema, kuna hata mutu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyemuuliza.

Marehemu baba yake, kumbe, alikuwa na shamba la chai kule juu ya Butembo. Akanifundisha bila kuombwa. Chai nyeupe ni chai ileile ya kila siku, mti ni uleule. Tofauti ni kwamba unachuma machipukizi tu, yale ambayo hayajafunguka, yenye manyoya meupe membamba. Husagi, hupiki, unaanika tu mpaka yakauke. Na akasema ndugu zake walimpelekea kipakiti.

Kuomba kitu kwa Sikuli! Nilitumia akili. Nikasema si kwa ajili yangu, ni Nshobole anaumwa tumbo. Sikuli alinitazama kwa huruma nyingi. Akasema pole kwa tumbo la mama. Akapitisha kipakiti.

Jioni nikatengeneza mwenyewe. Rangi ya majani makavu yaliyonyeshewa. Ladha ya maji ambayo chai imepita karibu yake na kusalimia. Lakini weupe uko wapi? Nilitazama chini ya kikombe kwa mwanga wa simu. Hakuna nyeupe. Sikuli amenipa ya mwisho mwisho, machicha ya ukoo! Nikanywa vikombe sita ili wingi usaidie.

Jumapili, tarehe 31 Agosti

Sikulala hata dakika. Ange alinikuta asubuhi macho yamekuwa mekundu. Akacheka, akasema papa, thé blanc, nuit blanche: chai nyeupe, usiku mweupe, yaani wa kukesha. Mutoto nimemsomesha Kifaransa kwa jasho langu ili anicheke nacho.

Nililala kanisani, wakati wa mahubiri. Padri alikuwa anasema juu ya wanawali waliokesha. Nshobole alinipiga kiwiko mara mbili.

Baada ya misa nikamwona Sikuli amesimama na Nshobole karibu na sanamu ya Bikira. Wanaongea chini chini. Sikuli akatoa leso iliyofungwa fundo, akamwekea mkononi. Nshobole akaifungua kidogo, akatazama ndani, akafunga macho. Nilipofika wakanyamaza, Sikuli akasema mvua zimekaribia.

Mvua! Nina miaka hamsini na nane, najua watu wanaoongea juu ya mvua na wasioongea juu ya mvua.

Jumatatu, tarehe 1 Septemba

Nshobole amebadilika. Tangu leo, akasema, chai yangu nyeupe ataitengeneza yeye, kikombe kimoja saa kumi na mbili asubuhi, na hakuna nyingine ya jioni. Hakunigombeza. Akanishika bega hata. Ni miaka mingapi hajanishika bega?

Chai ilikuwa chungu kidogo safari hii. Dawa huwa chungu, nikaimeza. Nikafika mwisho wa kikombe.

Mungu wangu! Weupe!

Chini kabisa, vumbi jeupe, laini, limetulia. Manyoya ya machipukizi! Sawasawa na Sikuli alivyosema. Basi chai ya Sikuli ni ya kweli, ni mimi sikujua kuipika. Nikamwita Ange aje aone. Akaja, akatazama, akamtazama mama yake, akasema ndiyo papa, ni weupe. Akatoka mbio, nadhani kwa furaha.

Kidonge cha leo kilienda ukutani kikiimba.

Alhamisi, tarehe 4 Septemba

Mama Philomène amekuja nyumbani, amefunga kilemba cha sikukuu. Hakuzunguka. Anataka chai yangu. Nikaanza kumweleza mambo ya moyo na mishipa, akanikatiza. Moyo wake mzima. Anataka kujua ni wiki ngapi mpaka mutu aanze kuwa mweupe, na kama inaanzia usoni au miguuni.

Nikasema hapana mama, nyeupe ni chai, si mnywaji. Akaniambia nisimfanye mutoto. Kama haifanyi mutu mweupe inaitwa nyeupe kwa nini? Nilijaribu kumjibu. Nilijaribu kwa muda mrefu. Mwisho nikampa kidogo ili aende, na dirishani nikamwona amelowesha majani, anajipaka shavuni hapo hapo barabarani.

Kwa upande wangu kichwa hakigongi tena asubuhi. Nimepanda ngazi za kanisa bila kusimama.

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Kumi na nne na nusu kwa tisa!

Nilipita kwa Wivine mwenyewe, bila kuburutwa. Alipima mikono yote miwili. Nikamweleza siri yangu. Nikamwambia anaweza kuwaambia waganga wenzake.

Wivine akacheka mpaka akafuta machozi, sijui kwa nini. Halafu akasema kwa upole kwamba chai nyeupe ni kinywaji kizuri. Ina vitu vinavyosaidia mwili kujilinda, haina sukari usipoitia, na ni bora kuliko bia mara mia. Lakini mengi yanayosemwa juu yake yamejaribiwa kwenye maabara na kwa panya, kwa watu bado hawajahakikisha vizuri. Haiponyi tension. Haishiki nafasi ya kidonge. Ainywe anayetaka, akasema, na kidonge chake kando.

Nimesikia vizuri: chai nyeupe ni kinywaji kizuri.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Nimeona kwa macho yangu. Asubuhi mapema, kwenye lango. Sikuli na leso yake ileile, fundo lilelile. Nshobole akaipokea na kuificha kifuani. Wakacheka! Yeye ambaye nyumbani hacheki, ameweka cheko lake akiba kwa ajili ya lango.

Sasa naelewa. Anamnunua. Leso baada ya leso, anakinunua kiti changu, anainunua glasi ya Ange. Na mimi mjinga ninakunywa chai yake!

Basi sinywi tena kitu cha Sikuli. Kikombe cha leo nimekimwaga kwenye mboga ya lengalenga, nyuma ya jiko. Nimevuta pumzi ya mutu huru. Tension imeshuka tayari, kazi imekwisha, haihitaji chai wala mutu.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Siku nne nimemwagilia lengalenga. Imenawiri sana.

Mimi sijanawiri. Tangu jana kichwa kinagonga, shingo ni ubao. Usiku wa kuamkia leo niliwaza leso tu.

Wivine alipuliza. Akapuliza tena. Hakucheka. Kumi na saba na nusu kwa kumi na moja.

Akamuuliza Nshobole kama nimekunywa chai yangu. Kwa nini amuulize chai, yeye ambaye Jumatatu aliidharau? Nshobole akasema kila asubuhi kikombe kinarudi kitupu. Nikatazama dari. Zamu yangu.

Nshobole akanielewa. Miaka thelathini na moja ya ndoa, dari inamtosha. Akasema taratibu: sikio la kufa halisikii dawa. Alipofika nyumbani aliingia jikoni na kufunga mlango, nikamsikia analia, bila kelele, kama mutu aliyechoka hata kulia.

Hukumu imebaki. Kesho ni kitanda.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Naandika nimelala chali. Nimevaa suti na kravati ya harusi yangu chini ya blanketi. Kama nimefukuzwa kitini, nifukuzwe nimevaa.

Nilisikia yote kupitia mlango. Magari. Nyimbo za Kinande. Viti. Sauti ya Sikuli ikiwakaribisha wageni kwa lugha yao, na vicheko vyao, na mimi natazama madoa ya dari na kuyahesabu. Nilikuwa na uchungu, daftari. Si hasira. Uchungu. Nilimtafutia mutoto yule maziwa wakati Goma yote ilikuwa jivu.

Wakamwita Ange. Wakamuuliza kama anawafahamu wageni hawa. Akasema ndiyo. Wakamuuliza kama vinywaji vyao vinywewe. Akasema ndiyo. Wakamuuliza tena, akasema ndiyo tena. Wakamwambia ampelekee baba glasi.

Nikashika blanketi.

Sikuli akaongea. Aliongea Kinande kwanza, halafu Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu. Akasema yeye amekalia kiti tu, kiti kinakaliwa na yeyote mwenye makalio. Glasi ina mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Ange, kitenge kipya, magoti chini kando ya kitanda changu. Nyuma yake wazee wa Butembo wote wamebanana mlangoni kama watu wanaotazama maiti, na Lionel katikati yao anatoka jasho. Mkononi mwa Ange si kasiksi, ile pombe ya ndizi. Ni glasi ya chai. Rangi ya majani makavu, na chini, vumbi jeupe.

Akaniambia polepole, wageni wasisikie: papa, kunywa mpaka chini. Ule weupe ni kidonge chako. Mama anakisaga. Papa Sikuli anaviokota kila asubuhi, vinaangukia upande wake, lile tundu lako limepita ukuta mzima.

Akasema hataki kuolewa akiwa na baba ambaye mwaka kesho ni picha ukutani.

Watu kumi na wanane wanatazama! Nikanywa. Nikanywa mpaka chini, nikapitisha hata kidole, nikalamba. Wazee wakapiga vigelegele wenyewe, hawakungoja wanawake. Mmoja akauliza hiki ni kinywaji gani cha Wabashi, kabila letu, ambacho baba anakilamba hivi.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Sikuli alikuja kunisalimia. Akaleta ile leso. Aliketi pembeni ya kitanda. Halafu akanisimulia juu ya marehemu mke wake. Naye alificha vidonge. Aliviweka ndani ya mto wa kulalia. Vilikutwa baada ya mazishi, wakati wa kufua.

Akatoa mfukoni kidonge chake mwenyewe, akakimeza mbele yangu. Miaka tisa anameza, kila siku, kabla ya misa. Huo ndio mluzi wake.

Nilimwambia asante kwa tumbo la Nshobole. Akasema si kitu.

Nshobole ameketi nami mchana kutwa. Nimemwapia kwa jina la Ange kwamba nitameza. Akaniuliza nitameza wapi. Nikasema mbele yako. Akanishika bega.

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Nimemeza. Mbele yake. Alinifungulisha mdomo na kuangalia chini ya ulimi, na Ange akaangalia baada yake.

Lakini nilikuwa na usiku mzima wa kufikiri, na nimeona jambo ambalo hata Wivine hajaliona. Kidonge ni cheupe. Chai ni nyeupe. Chai ilinisaidia siku zile tu ilipokuwa na weupe chini yake. Basi ni wazi! Wanakamua chai nyeupe huko viwandani, wanakausha ule weupe, wanaufinya, wanautia kwenye boksi na kuuita dawa. Nilikuwa na haki tangu mwanzo! Nimemweleza Nshobole. Ameweka kichwa mezani. Amechoka, maskini, posa ilikuwa kazi nyingi.

Kuna jambo moja tu linanisumbua. Kidonge cha Sikuli nilikiona vizuri jana. Si cheupe. Ni chekundu, chekundu cha kufifia. Na yeye ana miaka sitini na nne na anapiga mluzi. Basi chake kimekamuliwa kutoka kitu chenye nguvu zaidi, na hataki kuniambia.

Nimewaza siku nzima. Ni betrave, kile kiazi chenye maji mekundu ya damu.

Nimempigia shemeji Rosine. Akitoka Bunagana asimame Kibumba, kwa wakulima, aniletee gunia moja la betrave, zile nyekundu kabisa, na ni siri. Safari hii nimemweleza taratibu, na nimemfanya arudie maneno yangu mara mbili: chekundu ni betrave yenyewe, si gunia.